Nyama ya mguu kwenye dole gumba: mavyaa hataki, mimi nataka kurudi kwenye sindano

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Unguja. Nina watoto watatu, mdogo ana miezi minane na bado ananyonya. Kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vinavyoshonwa kwa mkono. Nilifundishwa na bibi yangu, Mungu amrehemu, tangu niko chuoni, na kofia moja ya kazi nzuri hunichukua miezi mitatu, wakati mwingine minne. Ada za watoto zinatoka humo.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwa bwana wangu. Tuna mashine ya umeme ya kukunia nazi. Kijana wa duka alikuwa ametoka, mteja ana haraka, nikachukua kifuu nikakibana kwenye meno ya mashine kama nilivyofanya mara nyingi. Nazi ikateleza. Mwanzo sikusikia maumivu. Niliona tu nazi kwenye beseni inageuka nyekundu.

Ni dole gumba la kulia. Nyama yote ya ncha, upande ule unaopakwa wino ukitia dole, imekwenda, kuanzia chini ya ukucha hadi karibu na mkunjo wa kwanza. Ukucha umebaki na mfupa unaonekana. Kipande chenyewe kilisagika pamoja na nazi, hakikuwa cha kuokota.

Hospitali ya hapa walinisafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda, wakanipa dawa, kisha wakaniandikia niende Dar. Huko daktari wa upasuaji kanieleza vizuri kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza mfupa kidogo na kufunga ngozi juu yake. Baada ya wiki chache nitakuwa na kazi zangu, ila gumba litakuwa fupi. Ya pili ni kuchukua nyama ubavuni mwa kidole gumba cha mguu, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, na kuishonea kwenye gumba la mkono. Kanipa hadi Jumatatu nimjibu, kwani anasema mfupa haufai kukaa wazi.

Nyumbani pamewaka moto. Mavyaa yangu, ambaye nampenda na ananipenda, kasema: "Mguu unaokanyaga kila uchafu, utiwe kwenye mkono wa kulia chakula? Mkono wa kumlisha mtoto?" Wifi yangu anasema ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Kaka yangu anasema madaktari wanajifunzia kwetu. Bwana wangu hasemi sana, ila juzi usiku alisema kidole kifupi si mwisho wa dunia, nikate nimalize, na nimuonee huruma mtoto.

Mimi naogopa yote mawili. Naogopa kuchechemea. Naogopa nipewe gumba zuri la kutazama ambalo halisikii sindano. Na kuna jambo sijamwambia daktari: mimba hii ya mwisho niliambiwa nina sukari. Baada ya kujifungua wakasema imekwisha, na tangu hapo sijapima. Sigara sivuti, bwana ndiye anayevuta.

Nisaidie Mama, nifanye nini?

Mshona Kofia, Unguja

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nilikupigia simu siku ileile niliyoisoma barua yako, kwa sababu Jumatatu haingojei ukurasa huu. Haya niliyokwambia nayaandika kwa ridhaa yako. Najua wapo wengi walioacha ncha ya kidole kwenye mashine ya nazi, kwenye msumeno wa mbao, kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na wakaambiwa la kufanya wakiwa bado wanatetemeka. Kabla ya kuandika barua hizi nilikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi nilikuwa wodi ya majeraha ya mikono. Neno la kisu ni la daktari wako. Mimi nakwambia niliyoyaona kitandani, mchana na usiku.

Msimamo wangu nakupa mwanzoni kabisa. Gumba lako ni la kulia, ni la mshonaji, limepoteza nyama yote ya ncha na bado lina mfupa na ukucha wake. Ningekuwa wewe ningekwenda na nyama ya mguu, lakini kwanza nijue sukari yangu, na nijue kwamba timu itakayonipasua imeizoea kazi hiyo.

Jambo ambalo nadhani nyumbani hawajaliona ni hili: wanazungumzia urefu wa kidole, na urefu si tatizo lako kubwa. Gumba lililopungua nusu sentimita linashika kikombe, linafunga kifungo, linashika kalamu. Swali lako ni kama ncha itasikia. Fanya jaribio moja leo usiku kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Kata ncha mbili za glavu ya mpira, zivae moja juu ya nyingine kwenye gumba. Weka sindano yako ya kofia juu ya kitambaa, fumba macho, iokote. Halafu jaribu kuizungusha kati ya gumba na kidole cha shahada kama unavyofanya unapotaka kuzunguka kitundu kimoja cha vito. Utaishika, ila hutajua imekaaje. Bwana wako naye avae ajaribu. Watu wengi hawajui kwamba mshonaji huona kwa gumba hadi gumba hilo lizibwe macho.

Sasa kwa nini mguu, na si paja au mkono wa juu ambako nyama ni tele? Kaa karibu na taa, geuza kiganja chako, kisha ugeuze na unyayo. Mwili mzima una ngozi ya aina moja, isipokuwa sehemu hizo mbili. Hazioti vinyweleo. Zina ile mistari midogo inayoacha alama za vidole. Rangi yake ni nyepesi kuliko mgongo wa mkono. Na ukibonyeza nyama ya ncha ya kidole utaona haitelezi ovyo kama ngozi ya paja, kwa kuwa ndani mafuta yake yamefungwa kwa nyuzi ngumu zinazoshikana na mfupa. Ndiyo maana unaweza kubana sindano bila nyama kukimbia upande. Kiraka cha ngozi kutoka pajani kikipandwa kwenye ncha ya kidole kinaziba jeraha, hilo halina ubishi, lakini kwa watu weusi kinabaki doa jeusi katikati ya kiganja cheupe, kinateleza, na hakisikii kama ncha ya kidole inavyopaswa. Nimewaona watu wanaoificha mikono yao mfukoni kwa sababu ya doa hilo. Nyama ya ubavu wa kidole cha mguu ni ndugu wa damu wa nyama uliyoipoteza.

Watakachofanya, ukiwakubalia, ni kukata kipande kama nusu ya tende kutoka ubavu wa kidole gumba cha mguu, ule unaotazamana na kidole cha pili. Vidole vyote vitano unabaki navyo, na ukucha wa mguu unabaki. Wanachukua upande huo kwa sababu mwili hauuegemei sana unapotembea. Kipande hicho wanakitoa na mshipa wake unaoleta damu, mshipa unaorudisha damu, na neva yake, yaani mshipa wa fahamu. Kisha wanakiunganisha kwenye mishipa ya gumba lako chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mshipa wenyewe upana wake ni kama milimita moja. Wewe unayepitisha uzi kwenye vitundu vya vito ungeielewa kazi hiyo kuliko sisi wauguzi tuliokuwa tunapitisha vifaa! Inachukua saa nyingi, saa sita si ajabu, na mara nyingi daktari mmoja yuko mguuni na mwingine yuko mkononi.

Kaka yako ana haki ya kuuliza kama mnajifunziwa. Mjibu hivi. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Graz, Austria, daktari Carl Nicoladoni alihamisha kidole cha mguu kwenda mkononi kwa kumfunga mgonjwa mkono wake na mguu wake pamoja kwa wiki kadhaa, hadi kidole kikaota mahali pake kipya. Mgonjwa alilala amejikunja muda wote huo. Kilichobadilisha mambo ni hadubini. Katika miaka ya 1960 Harry Buncke wa California alifanya mazoezi kwenye masikio ya sungura, ambayo mishipa yake ni milimita moja tu, akifanyia kazi kwenye banda la gari nyumbani kwake. Mwaka 1966 huko Shanghai, Yang Dongyue na wenzake walihamisha kidole cha pili cha mguu kwenda mkononi mwa mtu kwa kushona mishipa. Mwaka 1968 John Cobbett alihamisha kidole gumba cha mguu huko East Grinstead, Uingereza. Na mwaka 1979 Buncke na mwenzake Rose wakaandika juu ya kile hasa unachoelezwa wewe: si kidole kizima, ni nyama ya ncha tu pamoja na neva yake. Ni kazi ya zaidi ya miaka 40. Kushona mishipa midogo hakuko mbali na sisi pia. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, waliurudishia mahali pake mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya majani. Kwa hiyo swali la kaka yako ligeuzwe kidogo. Asiulize kama kazi hii imewahi kufanywa. Aulize ni mara ngapi timu hii, hapa, imeifanya.

Mavyaa yako simlaumu hata kidogo. Mkono wa kulia kwetu ndio wa tonge, wa salamu, wa kumtia mtoto chakula mdomoni. Anachoogopa ni uchafu, na uchafu uko kwenye vumbi tunalokanyaga. Hauko kwenye nyama ya mjukuu wa watu. Ngozi ya unyayo inakuwa ngumu na ya kupasuka kwa sababu inakanyaga. Ikihamia mkononi, sugu lile hutoka lenyewe na ngozi hulainika. Nilimuosha mwenyewe fundi mmoja kidole chake mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Nilipaswa kutazama kovu ili nijue wapi mguu unaishia na mkono unaanzia. Mwambie pia kwamba yeye na wewe mnatawadha mara tano kwa siku na miguu imo. Mguu wake hautii najisi msala.

Kuhusu maumbile, wifi yako amwendee shehe anayemwamini, mimi si mtu wa fatwa. Nitakupa kitu kimoja cha kumpelekea shehe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah Februari 1988, na katika azimio lake namba 26 liliruhusu kuhamisha kiungo kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu kwenda sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe, mradi faida inayotarajiwa iwe kubwa kuliko madhara, na iwe kwa ajili ya kurudisha kilichopotea, au umbo lake, au kazi yake, au kuondoa kasoro inayomuumiza mtu. Hutaki gumba la kupendeza, mwanangu. Unarudisha ulichonyang'anywa na mashine.

Sasa nikwambie ninachokiogopa mimi, maana sijakuandikia ili nikuuzie upasuaji.

Naogopa sukari. Hilo ulilolificha ndilo la kwanza kumwambia daktari, kabla hata ya kumwambia ndiyo au hapana. Mwanamke aliyepata sukari ya mimba anatakiwa apimwe tena wiki chache baada ya kujifungua, halafu aendelee kupimwa, kwa sababu kwa baadhi yetu hurudi kimyakimya. Mtu mwenye sukari isiyodhibitiwa hapasuliwi mguu kwa urahisi. Kidonda cha mguu kwake kinaweza kukaa miezi, na sijui nikueleze vipi huzuni ya kumuona mtu aliyeingia kutengeneza kidole cha mkono akiuguza cha mguu. Pima kesho asubuhi kabla hujanywa chai. Ikiwa iko sawa, mlango uko wazi. Ikiwa iko juu, mazungumzo yote yanabadilika, na hakuna aibu humo.

Naogopa moshi wa bwana wako. Sigara hubana mishipa midogo, na mshipa wa milimita moja uliotoka kushonwa ukibanwa damu inaganda. Kwa wiki hizo asivute ndani ya nyumba wala karibu yako. Hospitali nyingi hukataza kahawa pia kwa sababu hiyohiyo. Uliza.

Na naogopa usiku wa kwanza. Kazi ya daktari ikiisha ndipo kazi yetu ilipokuwa inaanza. Kila saa nilikwenda kitandani na tochi. Natazama rangi. Nagusa kwa mgongo wa kidole changu kama kuna joto. Nabonyeza ile nyama mpya, inapauka, naiachia, na damu inarudi kabla hujamaliza kusema bismillahi. Nikiona imebaki nyeupe na baridi, damu haiingii. Nikiona imegeuka zambarau kama jamuni na damu inarudi haraka mno, damu inaingia ila haitoki. Kwa vyote viwili nilikuwa sisubiri asubuhi, nilimwamsha daktari, na wengine walirudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo wakaokolewa. Mikononi mwa waliozoea, zaidi ya 9 kati ya 10 hushika. Lakini wodi isiyo na muuguzi wa kutazama kila saa inaweza kuipoteza kazi nzuri ya daktari bora. Kwa hiyo usiulize habari za daktari tu, ulizia wodi.

Unaogopa kuchechemea. Utatembelea kisigino mwanzoni, kama wiki mbili au tatu, na ndala za kawaida zitakuudhi. Mahali palipokatwa huweza kufungwa moja kwa moja au kutiwa kiraka cha ngozi. Kovu huweza kuuma ukivaa kiatu kinachobana, na wapo wanaolalamika kwa miezi. Kuchechemea kwa maisha sikukuona kwa waliochukuliwa nyama tu. Waliochukuliwa kidole kizima ni habari nyingine.

Sasa kuhusu njia mbili ulizoelezwa. Ziko zaidi ya mbili, na ningependa umuulize daktari kuhusu zile za katikati. Jeraha dogo lisilofika mfupa, hata kwetu watu wazima, na hasa kwa watoto, hupona vizuri ajabu kwa kufungwa bandeji na kuachwa lijijaze lenyewe. Lako limepita hapo. Iko njia ya kuisogeza ngozi ya gumba lenyewe kwenda mbele, na neva zake zikiwa zimo, ambayo daktari Erik Moberg wa Sweden aliieleza mwaka 1964. Inasikia vizuri sana, ila inafika kama sentimita moja na nusu tu. Iko njia ya kuazima ngozi ya mgongo wa kidole cha jirani, vidole viwili vikashonwa pamoja wiki mbili au tatu kisha vikatenganishwa. Ziba vizuri itaziba, ila kusikia kwake ni hafifu. Kwa maelezo yako, jeraha lako linafika karibu na mkunjo, na ndiyo maana nadhani daktari alikwenda moja kwa moja mguuni. Lakini mimi sijaliona. Muulize: "Ngozi ya gumba langu mwenyewe haitoshi?" Akisema inatosha, nitafurahi kuliko wewe, kwa sababu mguu wako utasalimika.

Wala kidole kifupi usikidharau. Nilimuuguza seremala wa Keko, Dar es Salaam, kijana aliyepunguzwa kidole cha kati na randa ya umeme. Alipewa njia zote, akachagua kufupishwa, na kabla ya miezi miwili kuisha alikuwa ananiletea stuli aliyoitengeneza. Kwa kidole cha kati cha seremala, na mimi ningemwambia hivyohivyo. Kidole cha kati kina wenzake pembeni. Gumba halina mwenzake. Madaktari hukadiria kwamba karibu nusu ya kazi ya mkono mzima inategemea gumba. Bwana wako amesema kweli kwamba kidole kifupi si mwisho wa dunia, na ukichagua hivyo kwa sababu mtoto ni mdogo na nauli za boti ni nzito, hutakuwa umekosea. Ninachokataa ni uchague hivyo kwa sababu ya aibu ya mguu.

Na usidanganyike kwamba utasikia sindano siku ya kutoka hospitali. Neva iliyounganishwa huota kama milimita moja kwa siku, sentimita tatu hivi kwa mwezi, na huanza kwa kusinzia kabla ya kuota. Miezi ya kwanza gumba litakuwa kama la mtu mwingine. Kisha utasikia michomo kama wadudu wanaotembea, na hapo ufurahi. Kipimo chetu kilikuwa klipu ya karatasi iliyokunjuliwa: ncha ya kidole kizima hutofautisha ncha mbili zikiachana milimita 3 hadi 5. Gumba lenye nyama ya mguu mara nyingi huishia kama milimita 10, wengine chini ya hapo, na huendelea kuimarika mwaka mzima au zaidi. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba ile nyama, ikiwa mkononi, huweza kusikia vizuri kuliko ilivyokuwa inasikia mguuni, kwa sababu sasa inazungumza na ile sehemu ya ubongo iliyozoea kusikiliza gumba.

Ubongo unafundishwa lakini. Utaweka bakuli la mchele na kuficha ndani yake kifungo, punje ya mbaazi, ushanga. Utavitafuta ukiwa umefumbua macho, kisha umefumba. Utagusa lasi, kanga mpya yenye wanga, kanga kuukuu, kitambaa cha kofia kabla hakijatobolewa na baada. Kila siku, dakika chache chache. Sindano ije mwisho. Na katika miezi hiyo ya ganzi usiguse sufuria wala usiinue kifuniko kwa mkono huo. Nimefunga malengelenge ya watu walioungua wakiongea, bila kujua kwamba wanaungua, hadi walipohisi harufu. Baridi nayo itakusumbua, barafu na maji ya friji, pengine mwaka au miwili.

Jambo dogo ambalo hakuna atakayekukumbusha: alama za gumba hilo hazitakuwa zilezile. Mguu nao una mistari yake, lakini si ile uliyosajilia. Ukienda kusajili laini ya simu, toa kidole kingine.

Kwa wasomaji wengine: kidole kikikatika kikawa kipande kizima, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uufunge, na mfuko huo ndio uweke juu ya barafu. Kipande kisiguse barafu chenyewe, na kisitiwe kwenye maji. Kimbia nacho.

Jumatatu, basi, nenda na jibu la sukari mkononi. Mwambie daktari unanyonyesha, amwambie na wa nusu kaputi, wakueleze lini utamrudisha mtoto titini, na anza sasa kukamua maziwa ya akiba. Mpelekee kofia moja iliyomalizika na moja uliyoianza, umuoneshe gumba linavyofanya kazi. Daktari wa mikono akiona kazi ya mkono wako ataamua vizuri kuliko akiona picha ya mfupa. Kisha muulize amezifanya ngapi, ngapi hazikushika, na zile zilizoshindwa walizimalizaje. Anayeizoea kazi hii hakasiriki akiulizwa hivyo. Na jibu likiwa la kukwepa, chukua njia ya kufupisha bila majuto, au omba upelekwe kwa timu nyingine.

Na nakuomba umchukue mavyaa yako. Usimuache nyumbani akisimuliwa. Nimekaa na kina mama wengi wa namna yake wodini, na wakishaeleweshwa hawapo walinzi kama wao. Mfundishe zile rangi mbili, nyeupe na zambarau, na namna ya kubonyeza na kuhesabu. Muuguzi akichelewa, yeye atamfuata hadi mezani kwake. Mtoto naye atakuwa mikononi mwa bibi yake hapohapo karibu. Mwambie aje na kanga mbili nzito za kukufunika huo mkono, kwa sababu wodi hizo usiku huwa baridi, na kipande kipya hakitaki baridi kabisa.